Ukuta Unaokunywa Maji

Watu wengi wanapoieleza historia ya Bukoba huanza na watawala wa Kihaya, au na Emin Pasha aliyefungua kituo cha Wajerumani pale ufukweni mwezi Novemba 1890, au na kahawa. Mimi katika sura hii nataka kuitazama historia hiyo kwa kupitia ukuta wa nyumba, na hasa sehemu yake ya chini, zile futi mbili au tatu kutoka ardhini. Mtu anayetembea Kashai au Hamugembe, au anayepanda Kamachumu, au anayekwenda Nshamba na Rubya, ataona kwamba katika nyumba nyingi sehemu hiyo imebadilika. Rangi imebabuka, lipu imevimba na kumomonyoka, na juu ya tofali kuna unga mweupe kama chumvi. Wenyeji tumeizoea hali hiyo hata tunadhani ndivyo nyumba zilivyo. Sivyo. Doa lile lina historia yake, nayo ni historia ya mambo ambayo wazee wetu waliyajua na sisi tukayaacha njiani tulipokuwa tukipokea vifaa vipya.

Kwanza tuyapime maji yenyewe. Mji wa Bukoba hupata wastani wa milimita 2,000 hivi za mvua kwa mwaka, wakati Dar es Salaam hupata karibu 1,100, na Dodoma haifiki mbali zaidi ya 600. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la kawaida la mita za mraba 100 hupokea lita 200,000 kila mwaka, yaani mapipa elfu moja. Ndugu msomaji, yapange mapipa hayo kichwani mwako kuizunguka nyumba yako, kisha ujiulize yanakwenda wapi. Hilo ndilo swali la kwanza la ujenzi katika nchi yetu. Wahaya wa kale walilijua, na haikuwa bure kwamba walimpa heshima kubwa Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba.

Maji huifikia nyumba kwa njia nne. Kuna maji yanayodondoka kutoka juu, na hayo kila mtu huyaogopa. Kuna maji yanayoruka, yale ya matone yanayopiga ardhi na kurudi ukutani pamoja na matope. Kuna maji yanayopanda kutoka ardhini, yakivutwa na vitundu vidogo vya tofali na udongo kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Na kuna maji yanayobaki ndani: yale yaliyotumika kujengea ambayo hayajakauka, na mvuke wa pumzi zetu, wa kupika na wa kufua. Mtu aliyeezeka paa lisilovuja hudhani amemaliza kazi, kumbe ameziba njia moja na kuacha tatu.

Sasa tuitazame nyumba ya msonge, ile ambayo Kihaya huiita mushonge. Ilikuwa kama mzinga mkubwa wa nyasi, paa na ukuta vikiwa kitu kimoja kutoka kileleni hadi ardhini. Nyasi zilikatwa rweya, yaani kwenye mbuga za nje ya migomba, zikapangwa tabaka juu ya tabaka. Mvua iliyopiga kileleni iliteremka juu ya nyasi mpaka chini bila kukutana na ukuta wowote. Maji yaliyoruka yaliangukia nyasi, ambazo hazimomonyoki. Sakafuni zilitandikwa nyasi laini, zikabadilishwa zilipochakaa, na unyevu uliopanda usiku ulitolewa pamoja nazo. Na katikati ya nyumba palikuwa na moto. Moshi wake ulipenya katika nyasi, ukafukuza wadudu na kukausha kila kitu. Kwa njia zote nne nyumba ile ilikuwa na jibu.

Sisemi kwamba turudi huko. Mimi niliyewaona wazee wenye macho mekundu kwa moshi siwezi kusema hivyo. Msonge ulikuwa na giza, viroboto, na hatari ya moto ambao kwa cheche moja ungeweza kuiteketeza nyumba nzima. Nyasi zilioza na kudai kazi ya mara kwa mara. Ninalosema ni kwamba kila sehemu ya nyumba ile ilikuwa na kazi yake juu ya maji, na tulipoiacha nyumba tulipaswa kuuliza kazi hizo sasa zitafanywa na nani.

Mabadiliko yalikuja kwa ngazi. Mapadre wa White Fathers walifika Kashozi mwaka 1892, na baada yao majengo ya pembe nne, yenye kuta nene na misingi ya mawe, yakaanza kuonekana katika misheni. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ya pwani iliweza kuvuka ziwa kwa meli, na bati likawa bidhaa ya kufikika. Kisha kahawa ikaleta fedha mikononi mwa mkulima wa kawaida. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Bukoba kilianzishwa mwaka 1950, na katika miaka hiyo bei ilipokuwa nzuri nyumba ya bati ikawa alama ya mtu aliyefanikiwa.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoingia, nalo lilitokana na hesabu. Nyasi zilikuwa za bure, bati lilikuwa la fedha. Mtu anayepima paa kwa shilingi hupunguza pale ambapo hasara haionekani siku hiyo hiyo, na mahali hapo ni upenu. Paa likaishia karibu na ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa miti, fito na udongo, kitu ambacho hakivumilii kulowa. Paa la nyasi lilipunguza nguvu ya mvua. Bati liliyakusanya maji na kuyaangusha yote kwenye mstari mmoja, sentimita chache kutoka ukutani. Mstari huo ukachimba mfereji, mfereji ukarusha matope, na baada ya misimu michache ukuta ukawa umeliwa chini kama jino lililooza.

Kosa la pili halikuonekana kuwa kosa hata kidogo, kwa sababu lilikuwa maendeleo ya kweli. Moto ulitolewa katika nyumba kubwa na kupelekwa jiko la nje. Macho yalipona, dari zikawa safi. Lakini pamoja na moshi tulitoa ule ukavu. Msonge ulikaushwa kila siku, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Nyumba mpya haikaushwi na kitu isipokuwa upepo, nayo tumeijenga katikati ya kibanja, migomba ikiizunguka pande zote. Kibanja kizuri ni kile chenye matandazo mazito yanayotunza unyevu wa udongo. Sifa hiyo hiyo inayoilisha migomba ndiyo inayoudhuru ukuta. Nimeona Muleba nyumba nyingi ambazo majani makavu na vigogo vya migomba vimerundikwa mpaka vikagusa lipu, na mwenye nyumba akashangaa kwa nini mchwa na koga havimwishi.

Kosa la tatu lilikuja na saruji. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966, lakini kwa muda mrefu saruji ilikuwa adimu, na kwetu ilifika baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli hadi Mwanza na kisha kuvuka ziwa. Mfuko uliofika ulitunzwa kama dhahabu, na mara nyingi ulitunzwa vibaya, ukilazwa juu ya sakafu ya udongo mpaka ukavuta unyevu na kuwa na madonge. Serikali ilipohimiza nyumba bora vijijini katika miaka ya 1970, na kitengo cha utafiti wa majengo kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1971 kikawa kinaelimisha watu juu ya matofali na udongo, wengi walichukua jambo moja tu: kwamba nyumba ya kisasa ni ile yenye saruji usoni. Wakaipaka saruji juu ya ukuta wa udongo.

Udongo hupokea unyevu na kuutoa. Huvimba kidogo na kunywea. Saruji ni ngumu, hainyumbuki pamoja nao. Ikishapasuka ufa mwembamba kama unywele, mvua huingia ndani ya ufa na haitoki, kwa kuwa uso umefungwa. Nyuma ya lipu ile nzuri udongo hurudi kuwa tope, na siku moja kipande kizima hudondoka. Wenzetu wa Unguja wanalijua jambo hili kwa upande wao. Kuta za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua. Zikizibwa kwa saruji, unyevu hufungiwa ndani ya ukuta. Na maji ya paa yasipodhibitiwa hayaheshimu hata jumba la mfalme. Beit al Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na ambayo hali yake ya kuvuja ililalamikiwa kwa miaka, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wakafa.

Kosa la nne ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo ni la wakati. Kahawa hulipwa kwa msimu, na nyumba ya mkulima hujengwa kwa msimu: mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka wa tatu lenta, na bati Mungu akipenda. Mapatano ya kimataifa ya bei ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, na kuta nyingi zikabaki bila paa kwa miaka. Ukuta usiofunikwa kichwa hunywa maji kwa juu. Tofali la kuchoma lililoiva vizuri huvumilia. Lile lililokaa pembeni mwa tanuru, ambalo moto haukulifikia sawasawa, huanza kurudi udongo. Na kwa kuwa wengi waliunganisha matofali kwa udongo ili kuokoa saruji, mvua iliosha viungo huku matofali yakionekana mazima.

Halafu fedha hupatikana, na hapo haraka huanza. Nilikuwa na jirani huko Muleba, mwalimu mstaafu, ambaye nyumba yake ilichukua miaka kumi na mmoja. Kuta zilikuwa zimesimama wazi kwa misimu mingi. Kiinua mgongo chake kilipotoka, aliezeka mwezi Oktoba, katikati ya mvua, akaagiza lipu ipigwe Novemba na rangi ya mafuta ipakwe mwanzoni mwa Desemba. Nilikuwapo fundi alipojaribu kumzuia.

"Mwalimu, ukuta huu bado mbichi. Ungeuacha upate kiangazi kimoja."

"Fundi, watoto wote wanakuja Krismasi. Wamechanga. Nitawalaza wapi, kwenye ukuta mbichi?"

Fundi akanyamaza, kwani mwenye fedha ndiye mwenye neno. Krismasi ile ilikuwa nzuri, na sina nia ya kumcheka mzee yule. Kila baba angetaka hivyo. Lakini waashi wa Uingereza wana kanuni yao ya kukadiria, kwamba ukuta hukauka inchi moja ya unene kwa mwezi, tena hali ya hewa ikiwa nzuri. Ukuta wa inchi tisa uliokunywa mvua ya miaka haukauki kwa wiki sita za Novemba ya Bukoba. Rangi ya mafuta iliufunga. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na malengelenge kama ngozi iliyoungua. Nguo kabatini zilikuwa na koga. Mama wa nyumba, aliyekuwa na pumu tangu ujanani, alihamisha kitanda chake akaenda kulala katika jiko la nje, nyumba ya zamani ya fito, kwa sababu huko kulikuwa na moto na pakavu. Akiba ya maisha ya watu wawili ilikuwa imesimama mbele ya kibanja, na mmoja wao hakuweza kulala ndani yake.

Ardhi yenyewe nayo ilitufundisha. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililipandisha Ziwa Viktoria zaidi ya mita mbili kufikia mwaka 1964, na mwezi Mei 2020 ziwa lilifikia tena kimo cha wakati ule. Katika sehemu za chini za mji wa Bukoba, karibu na ziwa na kando ya mto Kanoni, maji ya ardhini hayako mbali na msingi, na anayejenga huko kwa kufuata alama za kiangazi anajidanganya. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi mchana, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitupiga. Watu zaidi ya kumi na tano walikufa, mamia walijeruhiwa, nyumba nyingi zilianguka, na shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Tetemeko halikuletwa na unyevu. Lakini ukuta wa tofali lililounganishwa kwa udongo, ambao viungo vyake vimeoshwa na mvua na miti yake imeliwa na mchwa, ulikuwa umekwisha kudhoofika kabla ardhi haijatikisika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ningeongeza kwamba ufa huja mwisho. Kabla yake huja doa, na kabla ya doa huja uamuzi uliofanywa siku ya kuchimba msingi. Siku hizi maamuzi hayo yanafanywa na watu wengi walio mbali. Mhaya anayefanya kazi Dar es Salaam au ng'ambo hujenga kwao, kwa kuwa huko ndiko atakakopumzika na huko ndiko atakakozikwa. Huja na ramani aliyoipenda mjini, mara nyingi ile ya paa lililofichwa nyuma ya ukuta, bila upenu kabisa, na mfereji mmoja uliojificha ndani ambao jani moja la mti huuziba. Ramani ile ikijengwa mahali penye nusu ya mvua yetu huenda ikasamehewa. Kisha nyumba hufungwa Januari na kufunguliwa Desemba. Miezi kumi na mmoja hewa haizunguki, moto hauwaki, dirisha halifunguliwi. Mwenye nyumba akirudi hulaumu fundi, na fundi hulaumu saruji.

Ninayoyaandika hapa si siri ya wataalamu. Mafundi wazuri wa kwetu wanayajua. Kiwanja cha mteremko kichimbiwe mtaro upande wa juu kabla ya msingi, ili maji ya kilima yapite pembeni. Msingi upande juu ya ardhi, na sakafu isiwe chini ya sentimita 15 kutoka uwanjani. Juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza la ukuta, litandazwe tabaka la kuzuia unyevu, ambalo mafundi huliita DPC, liwe la nailoni nzito au la lami, tena lisikatike kwenye kona wala milangoni. Chini ya jamvi nailoni nyingine. Miji ya Uingereza ilianza kudai tabaka kama hilo kwa kanuni katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya milango peke yake, lakini likisahauliwa haliwezi kuwekwa baadaye bila kukata ukuta. Ukuta ukisimama bila paa, kichwa chake kifunikwe kwa bati kuukuu au turubai. Upenu usipungue sentimita 60, na ukiweza ongeza. Misumari ya bati ipigwe mgongoni, si bondeni ambako maji hupita. Gata iwekwe pamoja na paa, wala isiahirishwe mpaka fedha zipatikane, na yale mapipa elfu moja yaingie katika tangi, kwani mwezi Julai utayahitaji. Migomba isogezwe ili upepo na jua viufikie ukuta. Na juu ya yote, ukuta upewe kiangazi chake, kuanzia Juni hadi Agosti, kabla ya lipu na rangi.

Najua agizo hili la mwisho ndilo gumu. Bati na saruji hununuliwa, kiangazi hakinunuliwi, na Krismasi haingoji. Lakini anayejenga Bukoba au Muleba hajengei Krismasi moja. Watoto wake waambiwe mapema kwamba mwaka huu watalala kwa baba mdogo, au katika nyumba ya zamani, wakitandikiwa nyasi kama wazee wao. Na wakiuliza kwa nini nyumba mpya haina rangi, wapelekwe wakaguse ukuta kwa viganja vyao, wausikie baridi yake.